Ni Nini Kilichoangusha Zao la Korosho? Maana ya Tukio Moja Kusababisha Jingine

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya karibu tani 145,000 za korosho ghafi, sehemu kubwa ikitoka katika wilaya za kusini kama vile Newala, Masasi, Lindi na Nachingwea. Msimu wa 1986/87 zilipatikana chini ya tani 17,000. Ukiuliza mjini Mtwara au Mtama ni nini kilichosababisha anguko hilo utapewa majibu kadhaa, na kila moja lina mashiko. Wapo wanaotaja Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, ambayo iliwahamishia wakulima katika makazi mapya na kuwaacha wengi wao mbali na mikorosho yao. Wapo wanaotaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao ulitambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengine husema ni bei, kwa sababu sehemu ya thamani ya korosho iliyomfikia mkulima ilipungua kiasi cha kumfanya aone kupalilia ni kazi ya bure, na wengine huongeza kwamba mikorosho yenyewe ilikuwa imezeeka na kusongamana.

Mabishano haya mara nyingi huendeshwa kana kwamba kinachokosekana ni takwimu tu. Takwimu zina umuhimu wake, lakini watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya kila kilichotokea, shamba kwa shamba na mwaka kwa mwaka, na bado wakapingana juu ya kilichosababisha nini. Kinachowatenganisha hapo ni swali la kifalsafa: tunadai nini hasa tunaposema kwamba tukio moja limesababisha jingine? Swali hilo halijapata jibu moja linalokubaliwa na wote, lakini limechambuliwa kwa karne nyingi, na uchambuzi huo unaweza kutusaidia kuona ni wapi wenye majibu hayo manne wanapingana kweli na ni wapi kila mmoja anajibu swali lake.

Sehemu muhimu ya uchambuzi huo iliandikwa kwa Kiarabu. Al-Ghazali (1058–1111), mwanachuoni ambaye jina lake halihitaji kutambulishwa kwa waliosoma madrasa za pwani yetu, aliuliza tunaona nini pale pamba inapogusana na moto. Tunaona mguso, kisha tunaona pamba ikiungua. Hatuoni kitu cha tatu kiitwacho ulazima, kinachouunganisha moto na kuungua. Macho yanashuhudia kwamba kuungua kunatokea pamoja na moto. Hayashuhudii kwamba kunatokea kwa nguvu ya moto. Kwake yeye mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na utaratibu tuliouzoea ni desturi aliyoiweka, ambayo anaweza kuivunja akipenda. Ibn Rushd (1126–1198) wa Kordoba alimjibu kwa ukali kwamba vitu vina maumbile yake, na kwamba anayekana sababu anaikana elimu yenyewe, kwa kuwa kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Naona hofu ya Ibn Rushd ilikuwa ya haki. Hata hivyo, jibu lake halikuonyesha ni nini zaidi tunachokiona pale moto unapokutana na pamba, na hoja ya Al-Ghazali ilibaki imesimama.

Zaidi ya miaka 600 baada ya Al-Ghazali, mwanafalsafa David Hume wa Scotland alifika karibu na mahali hapo kwa njia isiyopita katika dini. Katika kazi zake za 1739 na 1748 alidai kwamba tukichunguza jozi yoyote ya kisababishi na tokeo tutapata mambo matatu tu: matukio hayo yako karibu karibu kimahali na kiwakati, kisababishi kinatangulia, na matukio ya aina ya kwanza yamekuwa yakifuatwa daima na matukio ya aina ya pili. Ulazima tunaodhani tunauona ni mazoea ya akili, ambayo imekwisha kuona mfuatano huo mara nyingi kiasi kwamba inapokutana na la kwanza inalitarajia la pili. Nadharia hii inavutia kwa sababu haidai chochote kisichoonekana. Kwa mujibu wake, kusema kwamba ubwiriunga hupunguza mavuno ni kusema tu kwamba popote ugonjwa huo ulipotangulia, upungufu ulifuata.

Ugumu wake hujitokeza mara tu tunapokutana na mifuatano ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeiita usababishi. Katika uwanda wa juu wa Wamakonde, hasa Newala, kipupwe huwa na baridi ya kweli, na watu huanza kutoka asubuhi wakiwa na masweta. Muda si mrefu baadaye vumbi jeupe la ubwiriunga huonekana kwenye majani machanga na maua ya mikorosho. Mfuatano huo unaweza kurudi kila mwaka bila kukosa, na bado masweta hayaambukizi mikorosho. Baridi na unyevu wa asubuhi za msimu huo huwafanya watu wavae masweta, na baridi na unyevu huohuo huurahisishia ukungu kuota kwenye machipukizi. Yaani matukio mawili yanaweza kuandamana daima kwa sababu yote mawili ni matokeo ya jambo la tatu. Anayeshikilia nadharia ya mfuatano anatakiwa atuonyeshe namna ya kuitenga jozi ya masweta na jozi ya ukungu bila kuliingiza kwa siri wazo la kusababisha, na jambo hilo limewashinda wengi.

Ugumu wa pili ni kwamba karibu hakuna tukio linalofuata tukio moja pekee. Vimelea vya ubwiriunga vikiangukia majani makavu na makongwe havifanyi mengi. Vinahitaji machipukizi au maua, vinahitaji hali ya hewa inayovifaa, na vinahitaji mti ambao haukupuliziwa salfa, dawa ya kuzuia ukungu, kwa wakati. Mwaka 1965 mwanafalsafa J. L. Mackie, mzaliwa wa Australia, alipendekeza namna ya kulieleza jambo hili ambayo mpaka leo haijapoteza nguvu. Alisema kwamba kile tunachokiita kisababishi kwa kawaida ni sehemu ya mkusanyiko wa masharti. Sehemu hiyo peke yake haitoshi kuleta tokeo, lakini ndani ya mkusanyiko wake haiwezi kuachwa. Na mkusanyiko wenyewe unatosha kuleta tokeo ingawa si wa lazima, kwa kuwa tokeo lilelile lingeweza kuletwa na mkusanyiko mwingine. Mavuno ya shamba yanaweza kupotea kwa ubwiriunga, kwa mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, kwa ugonjwa wa chule au kwa moto wa porini, na kila njia ina masharti yake.

Maelezo ya Mackie yanaondoa sehemu kubwa ya mabishano ya korosho mara moja. Anayesema ugonjwa na anayesema bei si lazima wapingane, kwa sababu bei ndogo iliyomfanya mkulima aache kupalilia na kupunguza matawi inaweza kuwa sehemu ya mkusanyiko uleule ambao vimelea ni sehemu yake. Vichaka na matawi yaliyosongamana huhifadhi unyevu, na unyevu huo ukungu unauhitaji. Kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichosababisha anguko kunaweza kuwa sawa na kuuliza ni jiwe lipi kati ya mafiga matatu linaloshikilia chungu.

Lakini si kila mahali masharti hushirikiana hivyo. Mara nyingine hushindana, na hapo ndipo suala linapokuwa gumu zaidi. Hume mwenyewe, katika kazi yake ya 1748, baada ya kueleza kisababishi kwa mfuatano, aliongeza kifungu akidhani analisema jambo lilelile kwa maneno mengine, kwamba kama la kwanza lisingekuwapo, la pili lisingetokea kamwe. Halikuwa jambo lilelile hata kidogo. Mfuatano unahusu yaliyotokea, ilhali kifungu hicho kinahusu ambayo yangetokea. Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 200 kabla ya Mmarekani David Lewis kulijengea nadharia kamili mwaka 1973. Kwa Lewis, kudai kwamba jambo moja limesababisha jingine ni kudai kwamba katika hali inayofanana zaidi na hii yetu, isipokuwa tu jambo la kwanza halikutokea, la pili nalo halitokei, au angalau kwamba mnyororo wa utegemezi wa namna hiyo unaviunganisha viwili hivyo pingili kwa pingili. Masweta yanaondoka hapo bila taabu, kwa kuwa wakazi wa Newala wangeacha kuvaa masweta na ukungu ungekuja vilevile.

Tuchukue sasa mashamba mawili ya kubuni yanayopakana katika wilaya ya Masasi. Mwenye shamba la kwanza anahamishwa mwaka 1975, shamba linageuka pori, na moto wa kiangazi wa 1978 unaiteketeza mikorosho yake yote. Mwenye shamba la pili anabaki karibu, analipalilia shamba lake na kulifyekea njia ya moto, lakini kufikia mwaka 1982 ubwiriunga umemwacha bila mavuno ya maana. Je, kuhamishwa kulisababisha hasara ya yule wa kwanza? Kila anayeisikia habari hii atasema ndiyo. Hata hivyo, kipimo cha "kama isingekuwa" kinayumba, kwa sababu kama asingehamishwa, kwa kila dalili, yangempata yaliyompata jirani yake, na kufikia 1982 angekuwa mikono mitupu vilevile. Kisababishi cha akiba kilikuwa kinasubiri zamu yake. Wanafalsafa wameandika zaidi juu ya mifano ya namna hii kuliko karibu suala jingine lolote katika eneo hili, na sidhani kwamba ni kupoteza wakati, kwa sababu utetezi wa "hata hivyo yangetokea tu" husikika mahakamani, katika siasa na majumbani, nao huwaondolea watu wajibu kwa urahisi usiostahili.

Njia moja ya kujibu ni kulitaja tokeo kwa usahihi zaidi. Hasara ya 1978 kwa moto na hasara ya 1982 kwa ugonjwa ni matukio mawili tofauti, na bila kuhamishwa hasara ile ya 1978 isingetokea. Jibu hili lina nguvu, lakini lina gharama yake: tukiyagawanya matokeo kwa wembamba mno, basi kila jambo dogo lililobadilisha saa au namna ya tukio litageuka kuwa kisababishi chake. Njia ya pili ni kuufuata mnyororo wenyewe. Kutoka kuhamishwa hadi majivu kuna hatua zinazoshikana: shamba kuachwa, nyasi kukua, nyasi kukauka, moto kuingia. Kutoka kwenye vimelea vya ubwiriunga hadi majivu yale hakuna hatua hata moja, kwa kuwa vilipofika havikukuta cha kushambulia. Kwa mtazamo wa pili, ambao Mmarekani Wesley Salmon aliutetea kwa kina mwaka 1984, kusababisha ni mwendo halisi unaobeba nguvu au alama kutoka tukio moja hadi jingine.

Mtazamo huo wa mwendo unaridhisha tunapozungumzia moto, nyundo na mawimbi. Unakwama kwenye yale yasiyotendeka, na maisha ya shambani yamejaa hayo. Salfa huzuia ugonjwa kwa kuvizuia vimelea visiote, kwa hiyo mkulima aliyeacha kupuliza hakutuma kitu chochote kutoka mkononi mwake hadi kwenye ua lililokauka. Hakuna nishati iliyosafiri wala alama iliyobebwa. Wapo wanaofikia uamuzi kwamba kutotenda hakusababishi kitu. Mimi siwezi kuwafuata huko, kwa sababu uamuzi huo ungetulazimisha kusema kwamba njaa haiui na kwamba kiu haina madhara.

Hata hivyo, kukubali kwamba kutotenda husababisha kunafungua mlango mpana. Mwenye shamba hakupuliza salfa, lakini wala jirani yake hakuipuliza kwa niaba yake, wala bwana shamba, wala mvuvi wa Kilwa Kivinje, wala mimi. Kama yeyote kati yetu angekwenda kupuliza, maua yangepona. Kwa kipimo cha "kama isingekuwa" sote tuko sawa, na bado hakuna atakayemtaja mvuvi. Hapa naona ni lazima tukiri kwamba tunapokichagua kisababishi kati ya masharti mengi tunaingiza matarajio yetu: nani alikuwa na wajibu, nini ndiyo kawaida, nini kilichotarajiwa kutokea. Wanasheria H. L. A. Hart na Tony Honoré walilionyesha jambo hili kwa upande wa sheria mwaka 1959, kwamba mahakama, kama watu wa kawaida, hukitaja kuwa kisababishi kile kilichokiuka mwendo wa kawaida au tendo la hiari la mtu, na mengine huyaacha nyuma kama mazingira tu.

Kuna wanaotoka hapo mbio na kudai kwamba usababishi wote ni maoni. Hilo halifuati. Mchango wetu upo katika kuuchagua ule utakaotajwa kati ya visababishi vingi vya kweli. Haupo katika kuvifanya viwe vya kweli. Mtafiti wa magonjwa ya mimea atataja vimelea kwa kuwa hali ya hewa anaichukulia kama ilivyo, na mchumi atataja bei kwa kuwa vimelea anavichukulia kama vilivyo. Hakuna mtazamo wowote ambao kutoka kwake masweta ya Newala yanageuka kuwa kisababishi.

Bei inahitaji neno la ziada, kwa sababu haimsukumi mkulima kama kusi inavyolisukuma jahazi. Inapita katika uamuzi wake: anapima, anaona haimlipi, anaweka jembe chini na kugeukia muhogo au ufuta. Walikuwapo wanafalsafa waliodai kwamba nia za mtu huelezea matendo yake bila kuyasababisha, mpaka Donald Davidson alipojibu mwaka 1963 kwamba mtu anaweza kuwa na nia kadhaa za kutenda jambo moja, na ile iliyomfanya atende kweli haitofautishwi na nyingine isipokuwa kwa kuwa ndiyo iliyosababisha. Nadhani alikuwa sahihi, na kwamba bei, ikipitia kwa watu wanaofikiri, ni kisababishi kamili.

Katika miongo ya karibuni mtazamo uliopata nguvu kubwa, hasa kwa kazi za mwanasayansi wa kompyuta Judea Pearl (2000) na mwanafalsafa James Woodward (2003), unaanzia kwenye kuingilia kati. Kusema kwamba A husababisha B ni kusema kwamba kama mtu angeingia na kuibadilisha A, kwa njia inayoikata A na visababishi vyake vya kawaida na isiyoigusa B kwa mlango mwingine, B nayo ingebadilika. Gawa masweta Newala mwezi Januari, na hakuna ukungu utakaoota. Pulizia salfa mikorosho uliyoichagua kwa bahati nasibu, uache mingine, na maua yatatofautiana. Hiyo bahati nasibu ina kazi yake. Kwa kawaida wanaopulizia salfa ni wale wenye uwezo, na wenye uwezo ndio pia wanaopalilia na kupunguza matawi, kwa hiyo ukiwalinganisha hivihivi na wasiopulizia hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Kura huukata uhusiano huo. Ndiyo maana mtakwimu Ronald Fisher, alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920, alisisitiza kwamba vipande vya majaribio vipangiwe matunzo yake kwa kura.

Pingamizi lililo zito dhidi ya mtazamo huu ni kwamba kuingilia kati kwenyewe ni kusababisha, hivyo tunaeleza neno kwa neno lilelile. Woodward analikubali hilo na kusema kwamba hakukusudia kuuvunja usababishi uwe kitu kisicho usababishi. Alikusudia kuonyesha madai yetu ya usababishi yanahusianaje na yanapimwaje. Lipo pia suala la mambo yasiyofikiwa na mkono wa mtu. Wavuvi wa Mikindani wanajua kwamba bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hakuna atakayeusogeza mwezi ili kuthibitisha. Inabidi basi "kuingilia kati" kuwe kwa kufikirika, na hapo tunarudi karibu na Lewis. Pamoja na hayo, huu ndio mtazamo ninaouona unatufaa zaidi, kwa sababu unamlazimu kila anayedai kuwa anakijua kisababishi aseme wazi ni nini kingebadilishwa, na ni nini kingebadilika kwa sababu hiyo.

Tukiuleta kwenye korosho, madai yanabadilika sura. Mavuno yalianza kushuka katikati ya miaka ya 1970, kabla ubwiriunga haujatambuliwa, kwa hiyo anayetaja Operesheni Vijiji ana hoja nzito kuhusu miaka hiyo ya mwanzo. Kuhusu kiwango cha chini kabisa cha 1986/87 anatakiwa adai jambo jingine, kwamba kama wakulima wasingehamishwa, huku bei waliyolipwa ikibaki ileile, wangevuna zaidi mwaka huo ijapokuwa ugonjwa ulikuwapo. Katika miaka ya 1990 zao lilipoinuka, biashara ya korosho ilikuwa imelegezewa masharti na matumizi ya salfa yalikuwa yameenea kwa wakati karibu mmoja, na kufikia msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kuinuka huko hakuthibitishi peke yake kwamba ugonjwa ndio uliokuwa kisababishi, wala kwamba ni bei, kwa kuwa vyote viwili vilibadilishwa kwa pamoja, na mkulima aliyepata bei nzuri ndiye aliyeweza kununua salfa. Katika kituo cha utafiti kama Naliendele viwili hivyo hutenganishwa kwa kupuliza mti mmoja na kuuacha wa pili uliosimama kwenye udongo uleule. Historia ya Mtwara na Lindi haina mti wa pili, na atakayetaka kuipima hana budi kutafuta vijiji ambako watu walihama lakini ugonjwa ulichelewa, au ambako ugonjwa ulifika lakini watu hawakuhamishwa, kisha aeleze kwa nini anaamini kwamba katika mengine yote vijiji hivyo vilifanana.